Siku Mdogo Wangu Alipopata Mtani

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na akili kuliko sisi sote nyumbani, ila siri hiyo nilikuwa naijua mimi peke yangu, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeelewa anachosema. Mwili wake ulikuwa haumsikii tangu kuzaliwa. Akiutuma mkono kulia, unakwenda kushoto. Shingo ilimlegea, miguu ilipishana, na ulimi ulikuwa mzito kiasi kwamba neno likitoka kinywani mwake watu walisikia sauti tu. Mimi nilisikia neno. Sijui nilijifunza lini. Alikulia mgongoni mwangu, mdomo wake uko sikioni kwangu tangu asubuhi mpaka jioni, nadhani ndiyo sababu.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na ua nyuma, kila chumba na familia yake. Mama alikuwa akiuza vitumbua barazani siku unga wa mchele ulipopatikana, na siku usipopatikana alikuwa akikaa barazani hivyo hivyo, akisema ukihama mahali pako wateja wanakusahau. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika, akienda kusini anapotea, tunamwona mvua zikikatika. Mdogo wangu akitoa sauti, mama aligeuka kunitazama mimi. Baba akiwepo, naye alinitazama mimi. Wapangaji wenzetu, hata mbuzi wa jirani nadhani, wote walinitazama mimi. Basi nikawa nalisha, navalisha, natafsiri, na nikiona mtu anamkodolea macho nagombana kwa niaba yake. Hasira zangu zilikuwa za karibu sana siku zile. Hata sasa haziko mbali.

Mambo yakaenda hivyo mpaka nilipofaulu darasa la saba. Wakati ule kufaulu hakukuwa mchezo. Darasa zima mnaweza kupita watoto wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mkono wenyewe una vidole vilivyokatika. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka barazani kwetu kumwambia mama kwamba nimechaguliwa sekondari ya serikali, ya wasichana, ya bweni, huko bara ambako treni inalala njiani. Mama alinikumbatia akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Watu walipotawanyika akakaa tena kwenye kigoda chake, akasema, "Tutaona."

Mama yangu akisema tutaona, ujue ameshaona. Nilianza kulia pale pale. Hakunigombeza. Alinivuta nikae karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeniuliza kweli na anataka nimjibu, "Ukienda, nani ataniambia mwanangu anaumwa wapi?"

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakuwa mama mbaya wa kumnyima mtoto shule. Alikuwa ameuliza swali la haki. Nilizunguka nalo wiki nzima, nikiteka maji nalo, nikilala nalo, na kila nilipomtazama mdogo wangu naye alikuwa ananitazama. Alikuwa amesikia yote. Watu walizoea kusema mbele yake kama vile hana masikio.

Miaka ile hakuna jambo lililomfikia mtu bila kupitia kwa balozi wa nyumba kumi. Sukari ikija, balozi. Mkutano, balozi. Mgeni akilala kwako, balozi. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipenda kuanza habari kutoka mbali. Siku moja akaja barazani, akaamkiwa, akaitika, akasifu vitumbua ambavyo siku hiyo havikuwepo, halafu ndipo akasema kwamba Upanga kuna kambi. Manesi wa hospitali na kina mama wa kanisani na wa msikitini wameungana, wameomba shule moja iliyofungwa likizo, wanataka watoto wasiojiweza wakae Jumamosi na Jumapili, wacheze, walale huko. Na waende na ndugu zao.

"Na ndugu zao kwa nini?" mama akauliza.

"Wamesema hivyo. Mtoto na ndugu yake, wote wageni."

"Watamfungia mwanangu ndani. Au wawapige picha waende kuombea misaada."

"Mama, ni siku mbili. Si jeshi."

Mama akatazama barabarani. Balozi alikuwa mtu mzima, aliyajua maisha, akaongeza taratibu, "Na chakula kipo."

Mwaka ule, neno hilo lilikuwa linatosha kuhamisha mtaa mzima. Lakini najua mama hakukubali kwa ajili ya chakula. Alikubali kwa sababu nitakuwepo mimi. Ijumaa yote alinipa maagizo niliyokuwa nayajua kuliko yeye: ugali umlainishie kwa mchuzi, kichwa ukishike hivi, maji kidogo kidogo, usimwache peke yake hata kwenda msalani. Niliitika ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka taya zikachoka.

Jumamosi asubuhi balozi alitupatia mkokoteni wa mtu aliyekuwa akibeba nyanya sokoni. Tulimketisha mdogo wangu juu ya magunia, nikamfunga kwa khanga asidondoke, nikatembea pembeni. Wachukuzi wa sokoni walipomwona amekaa juu vile, mkono unakwenda huku na huku wenyewe, mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa waziri anatembelea mkoa!" Nikataka kuokota jiwe. Mdogo wangu alicheka mpaka ute ukamchuruzika, akatupa mkono tena, safari hii kwa makusudi. Basi jiwe nikaliacha.

Tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Upanga. Kimya, miti, magorofa yenye nguo za rangi rangi zimeanikwa kwenye vibaraza vya juu. Mdogo wangu akanusa nusa, akaniuliza, "Huku watu hawapiki?" Kweli, hakukuwa na moshi hata kidogo. Nikacheka peke yangu. Mvuta mkokoteni akanitazama kwa wasiwasi, maana yeye alikuwa amesikia sauti tu.

Nilipoingia kwenye ua wa ile shule nilisimama. Sikuwahi kuambiwa, na sikuwahi kufikiri, kwamba watoto wa aina ya mdogo wangu wako wengi. Nilidhani Dar es Salaam nzima ni wa kwetu tu. Na hapa walikuwepo wasioona wameshikana mikono, wasiosikia wanazungumza kwa vidole kwa kasi ya ajabu, wenye vyuma miguuni, wenye magongo, wengine wamelazwa mikekani chini ya kivuli cha ukuta. Na pembeni ya kila mmoja kaka au dada mwenye sura niliyoifahamu mara moja. Ilikuwa sura yangu. Uso umekunjwa tayari kwa ugomvi.

Mkuu wa kambi alikuwa nesi, Mchagga, mrefu, aliyevaa viatu vyeupe vya kazini na khanga kiunoni. Alitukusanya, akatukaribisha, akatwambia choo kiko wapi, halafu akatoa sheria ya kambi. Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna atakayemhudumia ndugu yake mwenyewe. Kila mmoja atapewa ndugu wa mwenzake, amlishe, amwogeshe, acheze naye, mpaka Jumapili jioni.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. "Shikamoo nesi. Wangu haiwezekani."

"Marahaba. Kwa nini haiwezekani?"

"Hawamwelewi. Mimi tu ndiye ninayemwelewa."

"Basi watajifunza."

"Na wasipojifunza? Akiumwa? Akitaka haja?"

"Mwanangu," akasema nesi, na hakukasirika, "wewe una umri gani?" Nikamwambia. Akanitazama kitambo. "Nenda kapumzike," akasema. Neno hilo lilinichoma kuliko tusi. Mtu anayesema kapumzike hajui anachokiondoa mikononi mwako.

Mdogo wangu akapewa msichana wa Ilala, rika langu, mnene, mwenye pengo mbele na sauti inayofika mtaa wa pili. Mimi nikapewa mdogo wake yule msichana, mvulana mwenye vyuma na magongo. Nikamwendea nikamwambia nimekuja kumsaidia. Akaniambia, "Nisaidie nini? Mimi nakimbia kuliko wewe." Tukashindana mpaka mwisho wa uwanja, akanishinda. Kuanzia hapo sikuwa na kazi.

Mchana ukawa mrefu. Nilikuwa jikoni nje nikisugua masufuria kwa majivu, jicho liko kule kwenye mkeka alikolala mdogo wangu. Chakula kilikuwa ugali wa unga wa njano na maharage. Yule msichana alikuwa anajitahidi, siwezi kumsingizia. Aliulainisha ugali, akampulizia, akabembeleza kwa sauti laini ambayo haikuwa yake: "Kula baba. Kula mtoto mzuri. Pole mwaya." Mdogo wangu alifumba mdomo kama mfuko uliofungwa kamba, akageuza macho kunitafuta. Moyoni mwangu mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa anamwambia, kula, tafadhali kula, ukila kwa mtu mwingine mimi nitasoma. Mwingine alikuwa anasema, vizuri, wafundishe adabu, waone kazi ya dada yako. Wote wawili walikuwa mimi. Mdogo wangu hakula mchana ule.

Jioni ikaja, jua bado lipo, wakagawa uji. Msichana akarudi na kikombe na kijiko, akamwinua, akaanza tena ule wimbo wake wa kula baba, kunywa baba. Mdogo wangu akautema ukamwagika kwenye gauni lake. Nikainuka, nesi akanishika bega nikakaa. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: kesho mama akija nitamwambia haikuwezekana, na mambo ya treni yaishe.

Msichana akafuta gauni, akashusha pumzi, akanipigia kelele kutoka kule kule, "We dada! Nyie kabila gani?"

"Wangoni," nikajibu kwa nyodo.

Akakiweka kikombe chini. Akajipiga paja. Akasimama na mikono kiunoni, na ile sauti yake ya kweli ikarudi, ua mzima ukageuka.

"Aaaah! Kumbe! Ndiyo maana anakataa uji wa serikali! Mngoni huyu! Amezoea supu ya panya! Kina mama, hamna panya huko jikoni mumkaangie bwana mkubwa? Mtazameni anavyoringa, hata vita vyenyewe tuliwapiga!"

Sikumbuki nilivukaje ule ua. Nakumbuka ukosi wa gauni lake umo mkononi mwangu na mimi napiga kelele kwamba mdogo wangu ni mgonjwa, hatukanwi mgonjwa, nitakung'oa na meno yaliyobaki. Watoto wakalia. Nesi alikuwa anakuja mbio na viatu vyake vyeupe. Msichana alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli, hapigi, hajitetei, anasema tu, "Lakini mimi Mhehe. Dada, mimi Mhehe!"

Na mimi, Mngoni wa baba na mama, sikuelewa alichokuwa ananiambia. Ni kosa la aibu. Babu zetu na babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki na utani, ambao ni vita vya mdomo visivyo na kinyongo. Mhehe anaweza kuingia nyumbani kwako msibani akakalia kiti cha marehemu na kusema amechelewa kufa, na wewe huna haki ya kukasirika. Nilikuwa nayajua hayo tangu utotoni. Nyumbani kwetu chumba cha nyuma alikuwa akikaa Mhehe mmoja, mzee aliyekuwa askari magereza, na kila asubuhi alipita barazani akimtania mama, akinitania mimi, akimtania baba hata asipokuwepo. Akifika kwa mdogo wangu alishusha sauti. Alisema, "Pole, mjukuu." Halafu anapita. Watu wote walimfanyia hivyo. Ndiyo sababu haikunipitia akilini kwamba mdogo wangu naye anaweza kuwa mtani wa mtu.

Nikiwa bado nimeshika ule ukosi nikasikia sauti nyuma yangu. Mdogo wangu alikuwa amejitupa ubavu, shingo imekaza, mishipa imemtoka usoni, anasukuma neno kwa mwili mzima. Likatoka.

"Mbwa!"

Akavuta pumzi, akasukuma tena.

"Mla… mbwa!"

Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Kila mtu Tanzania anajua. Mhehe yeyote anayemtukana Mngoni anajua jibu litakalorudi, analisubiri kama mtu anayesubiri mpira alioupiga ukutani. Na kwa sababu alikuwa analisubiri, yule msichana alilisikia. Sikutafsiri mimi. Nilikuwa sijafungua hata mdomo.

"Mmemsikia?" akapiga yowe, akajitoa mkononi mwangu, akajitupa chini mkekani, anacheka anapigapiga ardhi. "Mmemsikia huyu Mngoni? Kaniambia nakula mbwa! Nesi, nimetukanwa!"

Nesi alifika hapo, mdomo wazi tayari kwa kututawanya. "Nini hapa?"

"Mtani wangu, nesi," msichana akasema huku anafuta machozi. "Ni mtani wangu."

Nesi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa anatikisika kwa kicheko. Wachagga nao wana Wapare wao. Akafunga mdomo, akageuka, akarudi jikoni, lakini niliona mabega yanacheza.

Uji aliunywa. Alikunywa vikombe viwili huku anatukanwa: kunywa Mngoni, mkia wa panya umo humo ndani, tafuna vizuri. Kila akimeza alijibu. Mengine msichana hakuyaelewa, lakini hakugeuka kunitazama mimi. Alimwambia, "Sema tena. Mdomo umejaa panya?" Mdogo wangu akasema tena, polepole, akichonga kila kipande cha neno. Sikuwahi kumwona akifanya vile. Mimi nilikuwa nikimwelewa kabla hajafika katikati. Hakuwahi kuhitaji kufika mwisho. Nilikaa pembeni ya sufuria langu nikashikwa na kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni njaa. Kilikuwa nafuu. Ilinishuka kuanzia mabegani, taratibu, mpaka nikahisi jinsi mgongo wangu ulivyokuwa umechoka.

Jumapili baada ya sala na chai yule msichana akachukua kofia ya mdogo wangu, akaivaa, akatangaza mbele ya umma, "Kofia hii kuanzia leo naitaifisha."

Mdogo wangu akapiga kelele.

"Nini? Sema Kiswahili, Kingoni sikijui."

Akasema tena. Msichana akaweka mkono sikioni. Akasema tena, na tena, na watoto wakaanza kusogea, mmoja baada ya mwingine, kusikiliza kesi. Mvulana asiyeona, aliyekuwa amekaa mbali kidogo, ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, "Anasema kofia yake! Anasema wewe mwizi!" Wengine wakadakia: mwizi, mwizi, mrudishie kofia! Ndani ya muda mfupi nusu ya kambi ilikuwa inamwelewa, au inajifanya inamwelewa, na pale walipokosea yeye alikasirika akawasahihisha. Mdogo wangu anasahihisha watu! Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia vizuri, nikanawa uso kwenye bomba, nikarudi.

Mama alikuja alasiri, na khanga yake ya kutokea, uso umekaza. Nilijua ametembea njia nzima akijiandaa kukuta mwanawe amekonda. Akasimama getini anatafuta. Alimkuta mwanawe ameegemezwa ukutani, hana kofia, na msichana mnene amesimama mbele yake anamwambia kwa sauti ya mkutano wa hadhara kwamba Wangoni waliletwa duniani kwa ajili ya kupiga tumba na kula panya.

Nikamwahi mama kabla hajaokota jiwe. Ukoo wetu tuko hivyo. "Mhehe, mama," nikamnong'oneza. "Yule ni Mhehe."

Mama akasimama. Akamtazama msichana, akamtazama mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa ametoa jibu lake na watu wakaangua kicheko. Niliona macho ya mama yakienda kwa yule msichana, kwa watoto waliokuwa wanacheka, kwa yule asiyeona aliyekuwa anarudia neno, wanacheka kitu ambacho yeye, mama mzazi, hakukipata. Uso wake ulibadilika. Halafu akajikaza, akatembea mpaka pale, akamwambia msichana, "Wewe Mhehe, nani kakufungua kamba? Leta kofia ya mwanangu." Msichana akapiga goti, akamwamkia kwa adabu zote, akairudisha kofia, na alipoinuka akasema lakini panya wa mama anaonekana kanona. Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili hakukuwa na mkokoteni. Mama akamfunga mdogo wangu mgongoni mwake mwenyewe, nami nikabeba mkeka na mfuko. Miaka mingi mama hakuwa amembeba. Ilikuwa kazi yangu. Pale Mnazi Mmoja mdogo wangu akasema kitu karibu na sikio lake.

Mama akageuza kichwa kunitazama. Nilielewa alichosema, nilikielewa chote, na nilitazama chini nikauma midomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

"Sema tena, baba," mama akamwambia.

Akasema tena. Mama alisimama. Watu walikuwa wanapita wanatoka matembezini, watoto wao wana nguo za Jumapili, na mama yangu amesimama katikati ya njia ameinamisha kichwa nyuma, sikio liko mdomoni kwa mwanawe, macho kayafumba.

"Dada," mama akasema polepole. "Dada… aende?"

Mgongoni mdogo wangu alitoa sauti moja ya ndiyo, ile ambayo hata mbuzi wa jirani angeielewa, halafu akaongeza jingine.

"Aende. Wewe… " mama akakwama. Akamwambia arudie. Akarudia kwa hasira. "Wewe sikiliza," mama akamaliza.

Tulikaa kwenye nyasi kidogo. Mama alimweka mapajani, akamfuta ute kwa ncha ya khanga. Kisha akanigeukia. "Miaka yote," akasema, "sikuwa namsikiliza yeye. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Nilimwambia nisamehe mama, sijui nilikuwa naomba msamaha wa nini. Akasema nyamaza, hakuna kosa hapo, ulikuwa unasema vizuri mno ndiyo maana. Mdogo wangu alikuwa ameshachoka na mambo yetu, anatazama watu wanaocheza mpira.

Tuliposimama kuondoka mama akamfunga tena mgongoni, akavuka barabara mbele yangu. Hakusema nenda. Hakusema nimekubali. Tulipokaribia mtaani kwetu akapunguza mwendo nikamfikia, akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kwamba hivi sanduku la bati siku hizi linapatikana wapi, maana madukani hakuna kitu, na mtoto wa bweni hawezi kwenda bila sanduku.